Jogoo Aliyepita Kisauni

Mjambere, Kisauni
11 Februari 2024

Kwa mjomba wangu mpendwa Mwidani,

Shikamoo mjomba. Natumai barua hii itakukuta huko Witu mkiwa wazima, wewe na Mama Dhahabu, na kwamba mgongo umekuachilia. Sisi huku hatujambo, ila joto la mwaka huu limetuonea. Hata kuku wanatembea wameachama. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga mara nne, na mara zote yule dada wa mtandao akaniambia hupatikani. Hayo mashamba ya mikorosho unayoyalinda yangekuwa na mnara mmoja tu, mimi nawe tusingekuwa tunawabembeleza makondakta wa basi watubebee barua. Lakini pia wewe ndiye uliyenifundisha kwamba jambo zito huandikwa, ili mtu alisome vizuri kabla hajajibu.

Jambo zito lenyewe ni jogoo.

Yule kuchi mrefu uliyeniletea Novemba nilimpokea kwa vigelegele, unakumbuka. Kwetu jogoo wa kupandisha huletwa na mjomba. Mama aliletewa na mjomba wake, na siku ile uliposimama mlangoni pangu na tenga, nilijiona na mimi nimekuwa mtu kamili. Nilikuomba kitu kimoja tu, awe wa damu ya mbali, kwa sababu matetea wangu wanane, nao kuchi, wote wametoka kwa mama kule Mazeras, ni ndugu watupu. Ukanambia umemtoa Siyu, kisiwani Pate, kwa mzee mmoja anayewajua kuchi kuliko anavyowajua wajukuu zake. Nikashukuru.

Mayai yakapatikana. Jirani yangu Roseline, yule mwenye mashine ya kutotoa, akayaweka. Vifaranga wakatoka vizuri, nikawagawa kwa wenzangu wa kikundi chetu cha wanawake kama tulivyoahidiana, kila mmoja aanze na wanne. Wiki ya tatu wakaanza kunijia mmoja mmoja na vifaranga kwenye leso. Mdomo wa juu umekwenda kushoto, wa chini kulia, kama mkasi uliolegea msumari. Kifaranga anadonoa siku nzima na hapati kitu. Wanakufa na njaa, mjomba, na huku wamesimama juu ya chakula.

Watu wakataka kujua kosa ni la nani. Kwenye mkutano nilisimama nikasema ni mashine ya Roseline, kwamba anaiacha inashika moto kupita kiasi. Roseline alilia. Sikumwonea huruma, nilikuwa na hasira, na sasa hakuna anayempelekea hata yai moja. Nataka uniulizie, yule mzee wa Siyu aliwahi kuona kitu kama hiki kwa kuku wake? Nijibu upesi. Kikundi kizima kinanitazama mimi.

Mpwa wako,
Nyamvula


Witu
17 Machi 2024

Mpwa wangu, mboni ya jicho langu,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako ilikaa kwa wakala wa basi wiki mbili, imelaliwa na gunia la maembe, imenifikia inanukia matunda. Mgongo umepona, sasa zamu ni ya goti. Mama Dhahabu anakusalimu na anauliza kama bado unapika wali wa nazi mbiombio kama mtu anayefukuzwa. Mvua bado. Nyani wametumaliza; juzi nilimkuta mmoja amekaa kwenye kiti changu, amekunja nne, akanitazama kana kwamba mlinzi ni yeye na mimi ndiye niliyekuja kuiba korosho.

Ama kuhusu hilo suala la vifaranga, tulia. Umelishika palepale lilipo. Mashine haina huruma ya kuku. Umeme wenu wa Kisauni unakwenda na kurudi utakavyo, sasa yai litajua lipi la kufuata? Huyo Roseline ulivyomsema umemsema sawasawa, na wala usirudi nyuma. Watu wa mashine wana maneno mengi.

Jogoo hana kosa, haki ya Mungu. Nilimchagua kwa mkono wangu mbele ya mzee wa watu. Hata leo nikifumba macho namwona: mwekundu, mrefu, shingo imenyooka, na kidole cha nyuma cha mguu wa kushoto hakipo, aliumwa na paka akiwa mdogo. Nilimtia tengani, nikasafiri naye siku nzima, nikawa namnywesha maji kwa kifuniko cha chupa mpaka abiria wakanicheka. Hiyo ni kazi ya mjomba, nami nimeifanya.

Siku tulipomzika mama yako nilisema mbele ya watu kwamba kuanzia leo sina mpwa, nina binti wawili, Dhahabu na Nyamvula. Maneno yale sikuyasema kwa kuwa watu walikuwa wanasikiliza. Lala usingizi, mama. Nunua chakula kizuri, na mayai uyapeleke kwa mtu mwingine.

Mjomba wako,
Mwidani


Mjambere, Kisauni
28 Aprili 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Pasaka tumekula salama. Mvua uliyosema bado, imetufikia sisi kwanza, tena kwa fujo; barabara ya kwetu imekuwa mto na vyura wanalala jikoni. Nasikia mambo ya Dhahabu na mumewe si mazuri, kwamba mwanamume amefunga virago. Nitakwenda Port Reitz nimwone, maskini, mvua ikipungua.

Nimeletewa afisa wa mifugo wa wadi, anaitwa Carolyne Nduku, Mkamba, msichana mdogo lakini hana mchezo. Alimshika kifaranga, akamfungua mdomo, akaniuliza maswali mengi mpaka nikahisi niko kortini.

“Mama, mdomo kupinda kuna sababu kadhaa,” akanambia. “Inaweza kuwa joto la mashine. Inaweza kuwa chakula cha wazazi. Inaweza kuwa ameumia. Na inaweza kuwa ni ya kurithi. Hawa wazazi wana undugu?”

Nikamwambia hawana, jogoo katoka Siyu, huko Lamu.

Akaokota punje za mahindi uani, nzima na zilizobunguliwa, akazipanga kwenye ungo. Akasema kila kifaranga hupata punje moja kwa baba na moja kwa mama, na hizo punje ndizo wanazoziita jeni. Punje mbovu ikiwa moja, ile nzima inaifunika, kuku anaishi maisha yake yote mzuri wa kutazama na hakuna anayejua amebeba nini. Zikikutana mbovu mbili, mdomo unapinda. Na mbovu ileile hukutana kwa urahisi pale baba na mama walipotoka nyumba moja, kwa sababu wote wawili wameirithi mahali pamoja.

Mimi nikashikilia kwamba ni mashine. Akasema basi tuipime. Matetea wanne nimewaacha na jogoo wako. Wanne nimewatenga wiki tatu mbali na jogoo yeyote, maana Carolyne anasema mbegu hukaa tumboni siku nyingi, kisha nitawatia jogoo wa Kimani wa Changamwe, ambaye hana undugu na kuku wangu yeyote. Kuku wote chakula kimoja, mayai alama kwa penseli, mashine moja, siku moja. Ni mashine ya Roseline hiyohiyo, ila atayapeleka Carolyne mwenyewe na Roseline hataambiwa ni ya nani. Mimi huyo mwanamke hanisemeshi tena.

Sasa nisaidie jambo moja. Nilipoisoma barua yako nilimshika jogoo, nikamgeuza, nikamkagua. Vidole vyote vipo, mguu wa kulia na wa kushoto. Nimehesabu mara tatu, ya mwisho nikiwa nimevaa miwani. Mjomba, kidole kilicholiwa na paka huota?

Nieleze tu. Sikasiriki.

Nyamvula


Witu
9 Juni 2024

Nyamvula,

Marahaba. Sisi wazima. Goti bado.

Barua yako nimeisoma. Siku hizi unaniuliza kama askari. Mimi nina miaka sitini na sita, nimewaona kuku wengi, huenda kidole kile kilikuwa cha jogoo mwingine katika wale waliokuwapo pale kwa mzee. Mtu mzima akisahau kidole ni kosa? Mama yako alikuwa mkubwa wangu, na hata yeye hakupata kunihoji hivi.

Huyo msichana wa serikali na ungo wake wa mahindi, mwache afanye kazi yake. Wewe jogoo unaye, mtumie.

Kwa Dhahabu usiende sasa. Hataki wageni, ana mawazo. Nitakwambia akiwa tayari.

Mama Dhahabu anakusalimu.

Mwidani


Mjambere, Kisauni
21 Julai 2024

Mjomba Mwidani,

Shikamoo. Natumai goti limepata nafuu. Ukuta wa jikoni uliobomolewa na mvua nimeshaujenga. Mambo mengine ya nyumbani nitayaacha, maana nikianza kuyaandika nitajifanya nimetulia, na sijatulia.

Vifaranga wa jogoo wa Kimani walitoka ishirini na wanne. Wote midomo sawasawa. Vifaranga wa jogoo wako walitoka ishirini na sita. Saba wamepinda. Mashine moja, chakula kimoja, mama zao wamezaliwa pamoja. Carolyne alivipanga visanduku viwili mbele yangu, akaniacha nitazame mwenyewe.

Nikakumbuka zile punje mbovu za nyumba moja, nikafunga safari kwenda Mazeras, kwa Mweri, anayeitunza nyumba ya mama na kuku waliobaki. Nilimuuliza tu kama jogoo wote wapo. Akashangaa. “Si mjombako alipita hapa Novemba? Kachukua pora mmoja mkubwa, ndugu ya matetea wako, kaanguliwa nao siku moja. Kasema wewe ndiwe umtakaye.” Nilikaa kwenye kizingiti cha mama nikaomba maji.

Halafu uliniambia nisiende kwa Dhahabu. Nilikwenda. Tena ninavyokujua, naona nilikwenda kwa sababu ulinikataza. Alinipokea vizuri, akanikumbatia, akanipikia. Hana habari ya lolote. Uani kwake anatembea jogoo mwekundu, mrefu, shingo imenyooka. Nikamwita kwa punje za mchele mpaka akanifikia miguuni. Kidole cha nyuma cha mguu wa kushoto hakipo.

“Huyu aliniletea baba,” Dhahabu akanambia. “Kutoka Siyu.”

Sasa nimekaa nimeipanga safari yako yote, nikuambie ulivyofanya, na pale nitakapokosea unisahihishe. Basi la Witu linaingia Mombasa kwa upande wetu. Linapita Mtwapa, linapita Bamburi, linafika Bombolulu, na kutoka pale kuja kwangu ni mwendo wa miguu. Ulipita hapa, mjomba. Ulipita na jogoo wangu mapajani, yule niliyekuomba, uliyemnywesha maji kwa kifuniko. Hukushuka. Ukavuka daraja, ukakata kisiwa, ukaenda mpaka Port Reitz ukamshusha huko. Kisha ukaenda Mazeras, ukamchukua kaka wa matetea wangu, ukarudi kote huko kunipa mimi. Ukaniangalia nikipiga vigelegele. Ukala wali wangu.

Uongo wa jogoo huenda ningeumeza. Lakini nilikuandikia nimemshtaki Roseline mbele za watu, na wewe ulijua mule tengani mlikuwa na nini, ukanijibu nimemsema sawasawa na nisirudi nyuma. Ulimwacha mwanamke wa watu aangamie ili usiulizwe, na ukanifanya mimi niwe mkono wa kumwangamiza. Hilo ndilo lililoniuma. Wako wanawake kumi na wanane ambao wana kuku wangu majumbani mwao, wenye midomo mizuri, na hakuna anayejua yupi amebeba.

Nataka jibu. Usinitajie nyani.

Nyamvula


Witu
1 Septemba 2024

Mwanangu Nyamvula,

Marahaba. Barua yako nilikaa nayo. Wakala wa basi alinipa siku ileile ilipofika, kwa hivyo sina pa kusingizia. Nimeanza kuijibu mara nyingi na kuchana.

Ni kweli yote. Mahali pa kukusahihisha ni padogo tu: sikukusudia tangu mwanzo. Nilitoka Witu nikiwa nakuja kwako. Tulipofika Kilifi Dhahabu akanipigia simu, analia, mumewe ameondoka na kila kitu, hata kuku amebeba. Basi lilipofika Bombolulu kondakta aliniita, “Mzee, si hapa ulisema unashuka?” Nikamwambia anipeleke mbele. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Nilisema moyoni, Nyamvula ana nguvu, Nyamvula ana kikundi, ana watu wanaomheshimu, na huyu mwingine hana kitu. Kisha nikaona haya kuja kwako mikono mitupu, mimi mjomba, baada ya kukuahidi. Pora wa Mazeras alikuwa mzuri, nawe mwenyewe ulimsifu. Hayo mambo ya punje mimi sikuyajua. Nilijua tu kwamba nimekudanganya.

Kuhusu Roseline, niliogopa. Nilipoona umeshapata wa kumlaumu nilipumua. Hilo najua ni baya.

Nimefikiria jinsi ya kuyamaliza. Nitakuja mwezi wa kumi, nitamchukua yule jogoo kwa Dhahabu nikuletee, yeye nitamtafutia mwingine. Na nakuomba kitu kimoja, mwanangu. Huko kwenye kikundi usinitaje. Sema ulimnunua sokoni, hakuna atakayefuatilia. Mimi ni mzee wa kanisa, na watu wa Mombasa na watu wa Mazeras ni walewale. Usinivue nguo uzeeni.

Na usinihukumu sana. Mtoto wako akikulilia kwenye simu, miguu yako inakwenda bila wewe. Ungekuwa na mtoto ungenielewa.

Mjomba wako,
Mwidani


Mjambere, Kisauni
22 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama Dhahabu umsalimu, yeye sina neno naye.

Kikundi kilikutana jana kwenye ua wa kanisa. Carolyne alikuja na ungo wake. Mimi nilisimama nikawaambia mashine ya Roseline haina kosa, haikuwa nalo hata siku moja, na kwamba mimi ndiye niliyemchafulia jina bila kupima. Nikawaambia waliobaki na kuku wangu wasiwapandishe wao kwa wao, wala na jogoo wa ukoo ule, hata wakiwa wazuri namna gani. Wawale, au wawaweke wa mayai tu. Wengine waliguna. Wengine walikuwa wameshawapa majina.

Kisha mmoja akauliza, “Na huyo jogoo ulimtoa wapi?”

Ujue kwamba nilikuwa nimekubali ombi lako. Njia nzima nilikuwa najisomea, nilimnunua Kongowea, nilimnunua Kongowea. Lakini Roseline alikuwa amekaa mbele yangu, amevaa gauni lake la Jumapili ingawa ilikuwa Jumamosi, kama mtu aliyekuja kupokea cheti. Sikuweza kumdanganya tena mwanamke yule. Nikasema, “Nililetewa na mjomba wangu. Ndugu ya mama, tumbo moja.”

Hakuna aliyeuliza swali jingine. Mimi sikukuvua nguo, niliulizwa na nikajibu.

Nikamgeukia Roseline nikamwomba radhi. Nilitaka anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilistahili miezi minane ya matusi. Akasema, “Pole, mwenzangu. Mimi nilifanyiwa na jirani, nitapona. Wewe umefanyiwa na mjombako.” Akanishika mkono tukatoka. Nililia barabarani mchana kweupe mbele ya wauza maji, na yeye niliyemuumiza ndiye aliyenifutia machozi kwa leso yake. Leo asubuhi nimempelekea mayai.

Jogoo nimemchinja. Matetea nao sitawapandisha tena, wote wanane, kwa kuwa Carolyne hawezi kuniambia yupi amebeba na yupi hakubeba. Kuku ambao mama aliwatunza tangu mimi sijazaliwa wameishia mikononi mwangu. Kwa Mweri nako nimepeleka habari hiyohiyo.

Mwezi wa kumi usije. Yule wa Dhahabu usimguse. Dhahabu hajui, na mimi sitamwambia, kwa sababu akijua hatamfurahia tena, na angalau mmoja wetu amfurahie. Nikihitaji jogoo nitamtafuta mwenyewe.

Umeandika kwamba ningekuwa na mtoto ningekuelewa. Unajua kwa nini sina. Wewe ndiye uliyekaa na mimi wodini siku ile, ukanishikia beseni. Sikutegemea neno hilo litoke kwako, lakini limetoka, na nimekuelewa, mjomba, tena vizuri sana. Siku ile kwenye basi ulikuwa na jogoo mmoja na binti mmoja. Mimi ndiye niliyehesabu vibaya. Mzazi nilikuwa naye mmoja tu, na tulimzika Agosti ya 2021.

Nyamvula